Nini Kilikuwa Kinagonga

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Daftari hili alinipa mume wangu niandike vifaa vya gari ili kisipotee kitu. Ukurasa wa kwanza nimeandika: tairi la spea, jeki na mkono wake, spana ya magurudumu, sepetu, mnyororo wa kuvutia, mbao mbili za kutegea kwenye tope, madumu mawili, sanduku la vyuma. Huo ndio ukurasa anaousoma. Nimeligeuza daftari, naanzia nyuma. Huku hafiki.

Mvua imeanza. Gari lake la jipu limerudi, mlango wa nyuma umelala upande kama mtu aliyeteguka bega. Tairi la spea lilikuwa likining'inia kwenye mlango ule, na barabara ya huko wanakojenga daraja imelitikisa mpaka bawaba ikapasuka. Mchomeaji ameunga bawaba, lakini kasema tairi lisirudi tena pale.

"Basi litapanda juu ya paa," mume wangu akasema.

Nikamwambia paani litamponza kwenye mteremko, gari litayumba kama mlevi aliyejitwika ndoo. Akacheka kweli. "Haya, binti wa fundi pancha, lipange wewe."

Nimefurahi. Miaka mitano ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kuniuliza kitu ninachokijua.

Tarehe 3

Nimefungua benchi dogo la nyuma nikalitoa. Tairi limesimama nyuma ya kiti cha abiria, limekiegemea, mikanda miwili imepita msalaba mpaka kwenye pete za chuma sakafuni. Jeki na sanduku viko chini kabisa. Mnyororo umelala ndani ya tairi. Sepetu nimeivisha kitambaa. Mbao zimeingia mwisho, karibu na mlango, kwa sababu gari likizama kwenye tope ndizo zinazotakiwa kwanza.

Kisha nikafanya kama Baba alivyonifundisha kwenye kijiwe chake: piga tairi ngumi tatu, lisukume kwa mguu, likicheza upana wa kidole fungua vyote uanze upya. "Mzigo uliofungwa vizuri," husema Baba, "unatulia kama mkwe mgeni."

Binti yangu alikuwa pembeni akinipigia kopo lake la vifuniko vya soda. Ana miaka minne. Tunamwita Nati, maana akikushika haachii.

Tarehe 6

Leo kimya. Mhandisi wa daraja, ndiye anayebebwa kila siku, kamuuliza mume wangu nani kamfungia mzigo, mbona gari halina kelele. Kamjibu, "Mimi." Tulicheka mimi na mama mkwe.

Tarehe 11

Alirudi saa kumi. Alitundika funguo kwenye msumari. Akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimechutama natwanga vitunguu.

"Nini kilikuwa kinagonga?"

"Wapi?"

"Nyuma. Kwenda na kurudi. Mhandisi ananiangalia kama nimembeba kwenye debe la mawe."

Nikasema sijui, labda mkono wa jeki. Sikumaliza. Alinipiga kofi la sikio nikakaa chini, mchi ukanitoka. Kisha akaniinua kwa mkono, taratibu kabisa, kama anamwinua mgonjwa, akanipiga lingine upande wa pili. Hakupaza sauti hata kidogo. Nati alikuwa mlangoni.

"Kesho kisigonge kitu," akasema, akaenda kulala.

Mama mkwe aliokota mchi, akaufuta. "Mwanangu, kazi ya barabara inachosha. Wewe funga tu vizuri." Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimepinda nje. Sijawahi kumuuliza kimefanyaje.

Tarehe 12

Nimeshusha vyote. Ni kweli, mkono wa jeki ulikuwa unagusa sanduku. Kosa langu. Nimeuvisha soksi.

Tarehe 15

Leo kimya.

Tarehe 16

Kimya. Mvua kubwa, choo kimejaa maji.

Tarehe 19

Kimya.

Tarehe 21

Leo hakwenda kazini. Amembeba Nati mabegani, wamezunguka ua mzima wakilia kama honi. Anaweza kuchekesha akitaka. Alimwambia mama yake, "Mama, shuka kituo cha mbele, umezidisha kilo." Hata mama mkwe alishika mbavu. Nilisimama na beseni la nguo nikajiambia basi, yale yamepita.

Tarehe 24

Kijiko. Kilichogonga leo kilikuwa kijiko ndani ya chombo chake cha chakula. Sikukifunga vizuri kwa sababu Nati alikuwa na homa na nilikuwa sijasinzia.

Aliingia, akatundika funguo, akanawa. Akaweka chombo mezani, akakitikisa mbele ya uso wangu. "Unasikia? Saa nne nzima naendesha na hiki kichwani." Kisha akanipiga nacho. Mdomo umepasuka kwa ndani, jino moja linacheza. Nilipoanguka alinikanyaga mkono, akasimama juu yake huku anakula kile kiporo kilichobaki. Sisemi uongo. Alisimama juu ya mkono wangu akala mpaka akamaliza.

Baba alipiga simu jioni. Nikamwambia nina jipu la jino. "Wewe tangu utoto meno yako mabovu," akasema, "sukutua maji ya chumvi." Meno yangu hayajawahi kuuma.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Leo nimeona jambo. Gari lilisikika kwenye kona. Nati alikuwa anacheza na kopo lake uani. Aliacha, akachukua kitambaa kutoka kwenye kamba, akakishindilia ndani ya kopo kwa vidole viwili, akalitikisa sikioni. Halikulia. Akaliweka chini ya kitanda, akaja kukaa karibu nami, mikono mapajani.

Hakuna aliyemfundisha. Au nimemfundisha mimi.

Tarehe 5

Kimya.

Tarehe 9

Hakukuwa na kitu. Naapa hakukuwa na kitu. Asubuhi nilipiga ngumi tatu, nikasukuma, tairi halikucheza hata unywele. Niliyavisha matambara madumu, jeki, hata ufunguo wa sanduku. Gari lile lilikuwa limevaa kuliko mimi.

Alirudi mapema, tope mpaka kiunoni. Funguo kwenye msumari. Maji ya kunawa. Kidole kimoja kimoja.

"Nini kilikuwa kinagonga?"

"Hakuna kitu. Nenda ukaangalie mwenyewe, nimefunga kila kitu."

"Kwa hiyo mimi ni kiziwi? Au mwongo?"

Alitoka. Nikasikia mlango wa nyuma wa jipu unafunguka. Aliporudi alikuwa na spana ya magurudumu. Alinipiga nayo paja la kulia, mara mbili, kisha mgongoni nilipojikunja, kisha mguuni tena. Chuma kile kina sauti nzito kikiingia mwilini, kama godoro linapopigwa kutolewa vumbi. Nililia mpaka jirani akaongeza redio. Mama mkwe alikaa jikoni, ametupa mgongo. Niliuona mgongo ule mlangoni muda wote, haukugeuka.

Alipomaliza aliirudisha spana ndani ya gari. "Ifunge," akasema. "Isigonge."

Nikaenda nikaifunga.

Tarehe 10

Siwezi kukaa. Naandika nimeegemea ukuta.

Leo asubuhi nilimwambia atoe mizigo yote niifunge upya, ila kwanza ageuze gari litazame barabara. Akalitoa likiwa tupu, hamna hata spana, akapita juu ya mfereji wa getini. Nikasikia. Gonga, gonga. Mbele, upande wa kushoto.

Alipokuwa anakunywa chai nililiinua gurudumu lile kwa jeki, nikalishika juu na chini, nikalitingisha. Likacheza. Nikampigia Baba nikamweleza.

"Hiyo ni boljointi," akasema Baba. "Ndiyo inayoshika mguu wa gurudumu. Ikichomoka, gurudumu linalala chini na gari halina kona tena. Nani anaendesha hilo gari?"

"Mkweo."

"Mwambie asipige nalo hata hatua."

Mwezi mzima napigwa kwa kosa la chuma.

Tarehe 11

Nimemwambia. Nilingoja amalize kula, nikaanza kwa heshima, "Baba Nati, naomba useme na fundi. Kinachogonga si mzigo, ni gurudumu la mbele kushoto." Nikamwonyesha kwa mikono.

Alinitazama, akamgeukia mama yake akicheka. "Mama, umesikia? Nimeoa gereji."

Kisha akanishika shingo, akanipeleka mpaka ukutani, akanibana pale. "Gari langu haliumwi. Anayeumwa ni anayelifunga." Aliachia nilipokuwa naanza kuona giza.

Safari hii mama mkwe aligeuka.

Tarehe 18

Kinagonga kila siku sasa. Kila siku ananiuliza. Siku nyingine hanipigi, ananyanyua tu mkono aone nikijikinga, halafu anajikuna kichwa na kucheka.

Tarehe 26

Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Amenipiga kidogo.

Nimesoma hiyo sentensi mara tatu. "Kidogo."

Tarehe 28

Huku nyuma hakuna anayesoma, nitasema ukweli. Asubuhi nilikuwa na mkanda mkononi. Nikalitazama tairi, nikakitazama kiti cha dereva. Tairi lile na ringi yake huwa naliviringisha, siwezi kulibeba. Najua likiwa huru na gari likipiga chini litapita wapi. Lingekata shingo ya ng'ombe. Jino moja tu la mkanda, nisikaze.

Nikakaza. Lakini niliwaza.

Tarehe 3, mwezi wa tano

Amesema Jumapili anampeleka Nati kwa dada yake, ng'ambo ya mito miwili. "Akae huko mpaka ajue kuwa mtu. Huyu unamlea kama yai." Nati hajui. Nati amekaa chini ya meza anavivisha vifuniko vyake vya soda vipande vya kanga, kimoja kimoja.

Mito imejaa. Mteremko wa mto wa pili hata trekta linateleza. Na gurudumu lile.

Nilimwambia mama mkwe. Akaendelea kupepeta mchele. "Ni mtoto wake," akasema. Mikono ilikuwa inapepeta, mchele ulikuwa unamwagika chini.

Tarehe 5, Jumapili

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa pamoja kwa kijiti, kwa hiyo naandika polepole. Nataka niandike leo, kabla sijaanza kujidanganya.

Mvua ilikuwa ya kumwaga tangu alfajiri. Alisema, "Funga gari. Mtoto atakaa mbele, kiti cha abiria."

"Tuite fundi akague gurudumu kwanza. Hata kesho ataenda."

"Funga."

Nilifunga. Sijawahi kufunga hivyo maishani mwangu. Mikanda minne, siyo miwili. Mnyororo nao niliuzungusha. Jeki, spana, madumu, sepetu, mbao, kila kimoja na kamba yake. Hata chupa ya chai niliifunga kwenye mguu wa kiti. Ile ya tarehe 28 sikuiwaza hata kidogo, kwa sababu kiti kilichokuwa mbele ya tairi kilikuwa cha mwanangu. Nilipiga ngumi tatu. Nikasukuma kwa mguu. Nikafungua vyote nikaanza upya.

Akamtia Nati ndani. Nati hakulia, na hilo ndilo lililonikata. Alikaa na kopo lake mapajani, limeshindiliwa kitambaa, akanitazama kwenye kioo kama mtu mzima anayesubiri zamu yake.

Nilikwenda mbele ya gari nikaweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Toka."

"Mtoto haendi na gari hili. Nenda wewe, mwanangu hashuki ule mteremko."

Alishuka. Alizunguka nyuma, akahangaika na kamba zangu mpaka akaichomoa spana. Nilimsikia akitukana mafundo. Aliporudi mikono yangu ilikuwa bado pale. Akapiga mkono wa kulia. Nilisikia vidole kabla sijavihisi. Nikabakiza mkono wa kushoto. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Nikufanyeje wewe?" akanipiga bega, nikaenda na magoti kwenye tope, lakini sikutoka mbele ya gurudumu.

Hapo nikasikia mlango wa gari. Mama mkwe alikuwa ametoka jikoni na unga mikononi. Alifungua mlango wa abiria akamtoa Nati kama anavyotoa sufuria motoni, haraka, bila kutazama huku wala kule.

"Mama, mrudishe."

"Simrudishi."

"Mama!"

"Umenisikia."

Akamsukuma. Mama yake mzazi. Alimsukuma kwa mikono yote miwili, kichwa cha mama mkwe kikapiga nguzo ya geti, damu ikashuka ikachanganyika na unga. Hakuanguka. Hakumwachia mtoto. Aliinua ule mkono wenye kidole kilichopinda akamwekea usoni.

"Unakiona hiki? Baba yako alikivunja kwa mlango wa chumba kile, wewe ukiwa kama Nati. Nikanyamaza nikafunga kitambaa. Ulikuwa unatazama. Kumbe ndivyo nilivyokulea." Akafuta damu jichoni. "Sasa piga. Kama una haja, piga. Mtoto simwachii."

Mume wangu akairusha spana ndani ya gari, kiti cha mbele, bila kuifunga. Akaingia, akarudi nyuma ili anikwepe. Niliinuka nikaenda dirishani. Nilimwambia, na mama mkwe ni shahidi, "Gurudumu la kushoto litachomoka. Usiende." Akapandisha kioo.

Gari likapita juu ya mfereji. Gonga, gonga.

Tarehe 6

Amekuja mpimaji wa darajani, kavua kofia. Nilijua.

Hajafa. Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa mto wa pili. Gari limebiringika mara mbili, likasimama kichwa chini kwenye mti. Nyonga imevunjika, mguu umevunjika, na taya limepasuliwa na spana, ile aliyoirusha mwenyewe kiti cha mbele.

"Shemeji," mpimaji akaniambia, "nimetoa watu kwenye magari mengi. Mara nyingi dereva anauawa na vitu vyake: dumu, jeki, tairi. Hili lilikuwa juu chini, na vitu vyote vinaning'inia palepale kama popo. Chupa ya chai haijamwagika! Nikamuuliza nani kafunga huu mzigo, akajipiga kifua, yeye."

"Mwongo," akasema mama mkwe, na bendeji yake kichwani.

Tarehe 12

Nimekwenda hospitali, si kwa mapenzi, ila nilitaka kuona kwa macho. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, mguu umetundikwa na mawe. Taya limeshonwa, anaongea kwa pembe ya mdomo.

Aliponiona alilia. Machozi kweli. "Umeniokoa, mke wangu. Nililiona lile tairi juu ya kichwa changu, limegoma kuanguka. Ndipo nikajua unanipenda."

Ningeweza kunyamaza. Muuguzi alikuwa anatutazama, ametabasamu.

"Sikukufungia wewe," nikamwambia. "Nilimfungia Nati."

Aliielewa polepole. Kisha mkono ukanyanyuka. Mkono wenye mpira wa dripu, ukanyanyuka wenyewe kama ulivyozoea, chupa ikayumba kwenye mlingoti wake. Nilirudi nyuma hatua moja. Moja tu ilitosha. Mkono ulibaki hewani pale, haufiki popote.

Nikamuaga.

Tarehe 20

Nimefungasha. Sanduku moja, godoro la Nati, sufuria mbili. Nilimwambia mama mkwe twende wote.

"Mimi ni mama yake. Nitamwosha, nitamlisha, na kila nikimlisha nitamwambia alichofanya. Hiyo ni kazi yangu. Wewe nenda." Akaivuta kamba ya sanduku langu mwenyewe. Akalipiga ngumi tatu, akalisukuma kwa mguu, akanitazama kama mwanafunzi. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, Mama."

Nilimpa ruhusa ya kulia, na yeye akanipa; tukalia.

Tarehe 27

Mvua imekatika. Tuko kwa Baba, chumba cha nyuma ya kijiwe, kinanuka gundi na mpira.

Baba hajauliza habari za vidole. Leo saa nne aliangusha spana kwenye sakafu ya saruji. Mimi na Nati tuliruka pamoja. Nati alikimbilia chini ya benchi, mimi nilikuwa nimeshafunika kichwa. Nilipofungua macho Baba alikuwa amekaa juu ya tairi, ameshika kofia yake, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Alitutazama sana.

"Lile jino," akasema mwisho.

"Ndiyo, Baba."

Akaokota spana, akailaza juu ya meza polepole, kwa mikono miwili.

Nikachutama mbele ya benchi. Nati alikuwa amekumbatia kopo. Nikatia vidole vyangu vizima nikakivuta kile kitambaa, kilikuwa kimeshindiliwa mpaka chini, kikatoka kirefu. Nikafungua vifuniko kimoja kimoja kwenye vipande vyake vya kanga, nikavirudisha ndani.

"Gonga, mama."

Akatazama barabarani kwanza. Hakuna gari. Akalitikisa mara moja, kidogo, akangoja. Babu yake akajifanya anatafuta gundi. Akalitikisa tena.

Leo kumegonga kutwa nzima.